Mnunuzi kaandika "conceivable", ninyi mkasikia "ndiyo"

Swali limetoka kwa katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi huko Rungwe. Nimelipunguza kidogo tu:

"Mwalimu, shikamoo. Mwezi wa tatu mnunuzi wetu wa nje alituandikia barua pepe kwa Kiingereza. Sentensi iliyotuponza ni hii: 'It is conceivable that we will take the whole harvest in June.' Mimi ndiye niliyeisoma mbele ya wanachama, nikatafsiri: 'Inawezekana tutachukua mavuno yote mwezi Juni.' Watu wakapiga makofi. Madalali waliokuja Aprili na Mei tukawarudisha. Juni ilipofika mnunuzi akachukua theluthi, mengine tukayauza kwa bei ya kutupa. Sasa wazee wananiuliza: huyu mtu alitudanganya, au wewe ndiye hukuelewa? Naomba unieleze neno hilo lina maana gani hasa na linatumikaje, maana nimefungua kamusi nikazidi kuchanganyikiwa."

Marahaba, mwanangu. Nianze na la wazee, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Mnunuzi hakusema uongo. Na wewe kosa lako ni dogo kuliko wanavyodhani: ulichukua neno jepesi sana la Kiingereza ukalibebesha neno zito la Kiswahili, na uzito ulioongezeka hapo katikati ndio uliowafukuza madalali.

Kitu kikiwa "conceivable", maana yake akili inaweza kukishika. Basi, imeishia hapo. Hujaambiwa kwamba kitatokea, wala kwamba msemaji anataka kitokee, wala kwamba ameanza kukiandaa. Umeambiwa tu kwamba ukikaa ukawaza, hilo nalo unaweza kuliwaza bila kichwa kugoma. Mnunuzi wenu alikuwa anasema: "Kuchukua mavuno yote? Silikatai." Kulikubali ni habari nyingine, na hiyo hakuiandika popote.

Najua kilichokupumbaza ni ile "will". Umeona "we will take", moyo ukatulia, ukajua hii ni ahadi. Lakini "will" hiyo imekaa ndani ya tumbo la "it is conceivable that", na kilichoko nje ndicho kinachotawala. Waingereza wengi wangeandika "could" au "might" mahali hapo, na pengine usingeteleza. Huyu kaweka "will", akakuwekea ganda la ndizi njiani bila kukusudia.

Sasa tutazame "inawezekana" yako. Juni iliyopita, baridi ya Mbeya ikiwa imepamba moto, nilikwenda Mwanjelwa kutafuta sweta la mtumba. Nikapata moja zito, la rangi ya majani ya chai. Kijana akasema elfu nane. Nikamuuliza, "Elfu sita haiwezekani?" Akalitazama sweta, akanitazama mimi, akaanza kulikunja. "Inawezekana, mzee wangu." Kabla sijatoa pesa mfukoni, sweta lilikuwa limeshaingia kwenye mfuko. Hiyo ndiyo "inawezekana" ya kwetu. Sokoni ni mkataba. Ofisini ukiomba ruhusa ya kwenda msibani na bosi akasema "inawezekana", unaondoka. Fundi akikwambia kiti kitakuwa tayari Ijumaa, "inawezekana kabisa", Ijumaa unakwenda kukichukua (ukikikuta ni bahati, lakini lugha haina kosa). Wanachama wenu walisikia neno hilo kwa masikio ya Mwanjelwa, ndiyo maana wakapiga makofi.

Na msione aibu, kuna wakubwa waliowahi kuponzwa na maneno ya ukoo huu. Mwaka 1951, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitoa tathmini kuhusu Yugoslavia kuvamiwa mwaka ule, ikaandikwa kwamba uvamizi ni "serious possibility", yaani jambo linalowezekana na si la kupuuzwa. Siku chache baadaye ofisa mmoja wa serikali akamuuliza Sherman Kent, mmoja wa walioiandaa, alikuwa na maana ya kiasi gani. Kent akajibu: kwake yeye ni kama 65 kwa 35 kwamba uvamizi utatokea. Yule ofisa akashtuka, maana yeye na wenzake walikuwa wameelewa kitu kidogo sana kuliko hicho. Kent akarudi kuwauliza wenzake waliopitisha sentensi ileile. Mmoja alikuwa na 80 kwa 20 kichwani, mwingine 20 kwa 80. Meza moja, sentensi moja, na wote wameridhia. Mwaka 1964 Kent akaandika makala ya kuyapangia maneno hayo namba: "almost certain" iwe karibu asilimia 93, "probable" karibu 75, na kuendelea. "Conceivable" hakulipa namba. Alilitia kapu moja na "possible", "may" na "perhaps", kapu la mambo usiyoweza kuyakadiria ila huwezi pia kuyafuta. Mtu wa kazi hiyo kaliacha bila namba, na ninyi mmelipangia msimu mzima.

Pengine utauliza pia linavyotofautiana na ndugu zake. Chukua basi linalotoka Dar, lilitakiwa kufika saa mbili usiku, sasa ni saa nne na wewe uko stendi ya Nane Nane ya Mbeya umejikunyata kwenye khanga mbili. Kuna foleni Kitonga, malori yamepanda kwa taabu: hilo ni "likely" au "probable", mtu yeyote aliyewahi kupita njia ile angelitaja la kwanza. Limepata pancha Makambako: "possible", halina ajabu ila hakuna dalili yake. Kondakta anapiga simu anasema walisimamishwa kwenye mizani muda mrefu: hiyo ni "plausible", maelezo yanaingia akilini, yanashikana, ingawa bado yanaweza kuwa ya kutunga. Neno hilo husemwa zaidi kuhusu maelezo ya mtu kuliko kuhusu tukio lenyewe. Halafu jirani yako kwenye benchi anasema, labda abiria wote wameshuka Mikumi wanatazama tembo. Naam, hiyo ni "conceivable". Picha inakuja kichwani, tembo wapo kweli, barabara inakatiza hifadhini kweli. Lakini huwezi kuweka hata mia yako.

"Imaginable" ni pacha wake na mara nyingi unaweza kubadilisha moja kwa jingine bila mtu kulalamika. Mimi nikisikiliza kwa makini nasikia "imaginable" ikielekea kwenye picha, kitu cha kuona na macho yaliyofumbwa, na "conceivable" ikielekea kwenye hoja: je, jambo hili linajipinga lenyewe au halijipingi? David Hume, mwanafalsafa wa Scotland wa karne ya 18, alitoa mfano ninaoupenda kwa sababu unakaa vizuri hapa kwetu. Alisema mlima wa dhahabu tunaweza kuuwaza, kwa hiyo hatuna sababu ya kusema hauwezi kuwepo. Mlima usio na bonde hatuwezi hata kuuwaza, kwa hiyo tunauona ni muhali. Mtu wa Chunya, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za wakoloni, mfano wa kwanza ataukubali kabla hujaumaliza. Na mtu wa Tukuyu aliyepanda na kushuka tangu utotoni, ule wa pili hauhitaji kuelezewa.

Sasa hapo kamusi ilipokuchanganya. Nadhani ulikuta "-a kufikirika". Kwa sarufi ni sawa kabisa. Kiambishi chetu cha -ik- kinafanya kazi ileile ya "-able": barabara ya kupanda Kitulo wakati wa mvua haipitiki, mwandiko wa daktari hausomeki, ugali wa jana unalika ukiwa na njaa. Kwa hiyo "fikiri" inakuwa "fikirika", na ungedhani kazi imekwisha. Bahati mbaya "ya kufikirika" imekwishahama. Shaaban Robert alipoita nchi zake Kusadikika na Kufikirika, zilikuwa nchi za kwenye hadithi, na tangu hapo shuleni tunafundishwa "wahusika wa kufikirika", "mandhari ya kufikirika". Maana yake imekuwa kitu kisichokuwepo, cha kubuni. Hiyo kwa Kiingereza ni "imaginary", neno jingine kabisa. Ukiandika kwenye fomu ya bima kwamba kampuni inalinda shamba lenu dhidi ya "hatari zote za kufikirika", umewaambia wakulima wamekatiwa bima ya majini na mazimwi, na mvua ya mawe hawakuiweka. Niliwahi kukuta kosa hilo kwenye rasimu niliyopewa kuisahihisha, limepigwa chapa kwa herufi nzito. Nililiacha kwanza nikamwita mke wangu aje alione.

Kwa hiyo usiache -ik-, ila iweke kwenye kitenzi kinachotembea: "hatari zozote zinazoweza kuwazika", au bora zaidi, "kila hatari unayoweza kuiwaza". Ikipata nafsi na wakati, inarudi kwenye maana yake.

Chimbuko la neno nalo linasaidia. Limetoka Kilatini, "concipere", ambamo ndani yake mna "capere", kushika, kutwaa. Waingereza wakalipata kupitia Kifaransa kama "conceive", likiwa na kazi mbili tangu zamani: kushika mimba na kushika wazo. Usiwacheke, sisi tunafanya vilevile. Mimba hutungwa, na wimbo hutungwa. Kitenzi kimoja kwa tumbo na kwa kichwa. (Na shanga pia hutungwa, lakini hapo Waingereza hawatufikii.)

Nilipokuwa nafundisha kidato cha tatu, kijana mmoja aliyependa sana kamusi aliniandikia kwenye insha: "My aunt is now conceivable." Alikuwa na furaha ya kweli. Shangazi yake alikaa miaka bila mtoto, akapata dawa, na sasa anaweza kushika mimba. Darasa halikuona kosa lolote. Kosa liko kwenye mwelekeo: "-able" humwangukia anayetendwa, si anayetenda. "Drinkable" ni maji, mnywaji hayumo. Kwa hiyo shangazi "conceivable" ni shangazi unayeweza kumuwaza, jambo ambalo shangazi wengi wanalistahili. Na mwanamke aliyekosa mtoto usije ukamwita "inconceivable", tafadhali.

Jinsi linavyokaa kwenye sentensi, hapa ndipo wanafunzi wazuri huanguka, maana neno hili lina makazi mawili na kila moja linalipa tabia yake.

La kwanza ni lile la barua yenu, "It is conceivable that...", pamoja na mdogo wake "conceivably", kama "We could conceivably take more." Hapo neno linapunguza. Linaivuta sentensi chini, linamlinda msemaji. Wanasheria, wanadiplomasia na wanunuzi wa mazao wanalipenda kwa sababu hiyohiyo. Kuna hata lililojificha zaidi, "It is not inconceivable that...", kukanusha mara mbili, ambalo ukikutana nalo ujue mwandishi amekaa mita mia kutoka kwenye ahadi na anaendelea kurudi nyuma.

La pili ni baada ya "every", "any", "all", "no", au karibu na sifa ya juu kabisa kama "the best" na "the worst". Hapo tabia inageuka, linaongeza. "They sell sweaters in every conceivable colour": Mwanjelwa utapata sweta za rangi zote uzijuazo na usizozijua. Hakuna shaka yoyote ndani ya sentensi hiyo, ni kujaza tu mpaka kumwagika. "There is no conceivable reason to sell now": hakuna sababu yoyote ile ya kuuza sasa. Kiswahili kina "yoyote ile", na naomba uizoee, inatibu nusu ya sentensi za namna hii bila kuhangaika na kufikiri wala kuwaza. Katika makazi haya neno linaweza hata kukaa nyuma ya nomino, "by every means conceivable", "the worst outcome imaginable", na sentensi ikazidi kupata mkazo.

Nje ya hapo halipendi kukaa. "A conceivable plan", "a conceivable man", sarufi haikatai lakini sikio la Mwingereza linakwaruzwa.

Halafu kuna upande wa kukanusha, na hapa lugha zote mbili zinafanana kwa namna ya ajabu. Sisi tunasema "haisemeki", "haivumiliki", "haielezeki" mara nyingi kuliko "inasemeka" na "inavumilika". Kadhalika kwao: "conceivable" ni neno la kunong'ona, "inconceivable" ni la kupiga kelele. Usidhani moja ni kinyume cha jingine kwa uzito uleule.

Na hili la "inconceivable" ndilo litakalokuthibitishia kwamba ukoo mzima huu unazungumzia kichwa cha mtu, haujali dunia inafanya nini. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Iringa, Wahehe wa Mkwawa walikishambulia na kukivunja kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akafia hapohapo. Mwandishi wa Kiingereza akisimulia habari hiyo ataandika bila kusita: "To the officers on the coast, such a defeat was inconceivable." Na kushindwa kwenyewe kulikuwa kumeshatokea, watu wameshakufa. Ukitafsiri "haikuwezekana" utamfanya msomaji ajiulize mbona iliwezekana. Andika "hawakuwahi hata kuwaza kwamba wangeshindwa namna ile", au "haikuwaingia akilini". Kinachokataa ni akili zao. Lugalo yenyewe ilishatokea.

"Unthinkable" nayo utaiona jirani, lakini ina harufu ya mwiko. Jirani yako afiwe na wewe ubaki kwako unapalilia migomba: hilo Rungwe ni "unthinkable". Kuliwaza tunaliwaza, ila hakuna anayethubutu.

Matamshi nitapita haraka. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wanafunzi wangu walikuwa wanasema "konsiVAbo". Mkazo uko kwenye "ceiv": kan-SII-va-bol. Tahajia: "e" kabla ya "i", na ile "e" ya mwisho wa "conceive" inadondoka unapoongeza "-able".

Turudi kwa wazee. Waambie kwamba tafsiri ambayo ingefaa siku ile ni "Hatukatai kwamba huenda tukachukua mavuno yote Juni." Au "Yamkini tukachukua...", ingawa "yamkini" siku hizi imebaki kwa wasoma habari na mashehe, mkutanoni ingewapita. Isome ya kwanza kwa sauti uone. Hakuna mtu anapiga makofi. Mzee mmoja angeinua mkono na kuuliza, "Sasa huyu anachukua au hachukui?" na hilo ndilo swali mlilopaswa kumrudishia mnunuzi Machi ileile. Mtafsiri anapoacha sentensi ya shaka ikabaki ya shaka, watu humlaumu kwamba tafsiri yake haieleweki. Vumilia lawama hiyo, ni nafuu kuliko hii uliyo nayo.

Msimu ujao akiandika hivyo tena, mjibu siku hiyohiyo: "How many tonnes can you commit to, and by what date?" Neno la kazi hapo ni "commit", kujifunga. Hilo halikai kirahisi na "conceivable". Mtu anajifunga au hajifungi, anataja tani au anakaa kimya. Akitaja tani na tarehe, mwombe aandike kwenye mkataba. Akirudi na "conceivably" nyingine, pokea simu za madalali.